Mtungi wa Pumba Kwenye Banda la Kuni

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya hamsini na mbili. Bado nahesabu kwa kalenda ya nyumbani. Hapa Velmu hawana Jumatatu wala Novemba—wiki yao ina siku tisa na majina yake nayachanganya mpaka leo. Lakini nikiacha kuhesabu nitakuwa nimekubali kitu. Sijui kitu gani.

Leo nyumbani kwetu, Kokura, ni sikukuu. Shule zimefungwa. Mimi nimemenya viazi ndoo tatu.

Na nimefumaniwa!

Nianze mwanzo. Alfajiri nimekwenda banda la kuni kukoroga mtungi wa Bibi, kama kila siku. Mkono mtupu, mpaka kiwiko. Ya chini yaje juu, ya juu yaende chini, kisha unasawazisha uso wake na kuupapasa kama kichwa cha mtoto. Bibi Fumino alifanya hivyo miaka sitini, mama yake na bibi yake kabla yake, kwenye mtungi huu huu. Pumba za mchele, chumvi, mwani, pilipili, na mikono ya wanawake wanne. Unazika mboga jioni, asubuhi unafukua achari. Ndiyo siri yote. Ila usipokoroga siku mbili, mtungi unanuna. Wiki moja, unakufa.

Bibi alifariki Agosti. Mama alitaka kuumwaga—tunakaa ghorofa ya nane, unanuka, nani atakuwa anaukoroga? Nikasema mimi. (Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimembishia Mama kwa sauti inayosikika.) Basi nilikuwa nashuka ngazi za mawe nyumbani kwa Bibi, mtungi kifuani, mvua inanyesha. Nikateleza. Kwenye hadithi zote za kwenda ulimwengu mwingine nilizosoma, mtu hugongwa na lori. Mimi niliteleza tu. Nikaangukia kwenye majani ya mlima nisioujua, makalio yamevimba, mtungi mzima.

Sasa tatizo ni hili. Hapa mkono mtupu haugusi chakula. Kamwe. Unga wanakanda kwa mchi, nyama wanageuza kwa koleo, hata mboga za majani wanachambua kwa vijiti vilivyochongwa ncha—vidole vya mti, wanaviita. Siku yangu ya pili jikoni nilifinyanga tonge la shayiri kwa viganja, la pembe tatu, kama la nyumbani. Mama Oreda, mwenye nyumba hii ya wageni iliyonipokea, akalichukua tonge kwa koleo, akalitia motoni, akasema si hapa, si kwa wageni. Dada Runel, anayehudumia meza, alikuwa anacheka ndani ya aproni yake. Nikaelewa: usafi. Wana haki yao. Mtungi nikaruhusiwa kuuweka bandani kwa sababu ya harufu, na wote wanadhani naukoroga kwa mwiko. Wakijua, wataumwaga. Na mimi sina Bibi mwingine.

Leo ndiyo akaingia Ishken.

Ishken ndiye anayechonga vidole vya mti vya mlima mzima, yeye na baba yake. Ana miaka kumi na minane, mmoja kunizidi, na husema maneno matatu kwa siku, mawili ni salamu. Alifuata vipande vya mti mgumu. Akanikuta nimezama mpaka kiwiko.

Nilikauka. Kwa lugha ya huku mimi ni mtoto wa miaka sita. Kweli kabisa—darasani nakaa na watoto wa miaka sita, magoti yamekwama chini ya meza. Shule yetu ya kule ilifundisha kwa lugha mbili, Kijapani asubuhi na Kiingereza mchana, miaka tisa mizima, na leo lugha zote mbili zilikaa kimya kama wageni waliokosea nyumba. Nikafanya alichokuwa akifanya Bibi mtu akimjia ghafla: nikazamisha mkono, nikachomoa figili, nikaikata kipande, nikampa. Kwa vidole vyangu. Pumba zinadondoka.

Hakukipokea mara moja. Akatazama kipande, akatazama mkono.

“Umetengeneza kwa mkono huo?”

Nikakubali kwa kichwa.

“Na unanipa mimi?”

Nikasema ndiyo, kula, ni nzuri kwa tumbo. Sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

Akala. Taratibu, mpaka mwisho, kama mtu anayemeza dawa huku daktari anamtazama. Masikio yakawa mekundu. Kisha akatoka, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu, na vipande vya mti akavisahau.

Ameichukia. Atasema. Kesho sina mtungi.


Jumanne, 4 Novemba

Hajasema!

Asubuhi nzima nilisubiri kuitwa. Mama Oreda aliniita mara mbili kweli—mara moja nimeunguza vitunguu, mara ya pili kuniambia nile, nimekonda kama mwiko. Basi.

Mchana Ishken akaja. Si siku yake ya kuja. Akaweka kijiko kidogo pembeni ya ubao wangu wa kukatia, akaondoka bila hata yale maneno mawili ya salamu. Kijiko chepesi, cha mti mweupe, na mwisho wa mpini amechonga figili. Ndogo kama ukucha. Na majani yake!

Dada Runel akapiga mluzi. Akataka kujua nani ameagiza. Nikasema ni malipo ya figili. Figili ipi? Nikajing’ata ulimi, nikaenda kuteka maji ambayo tayari yalikuwa yamejaa.

Nimelaza kijiko chini ya mto. Hili sitaliandika.

Nimeliandika.


Alhamisi, 6 Novemba

Leo nusura. Runel aliingia bandani kutafuta ufagio, nikaficha mkono nyuma, pumba zinatiririka mgongoni ndani ya nguo. Akaniuliza mbona nimesimama kama sanamu la hekalu. Nikamwambia nasali. Akaomba nimsalie na yeye, magoti yake yanamsumbua.

Siwezi kuendelea hivi. Moyo utapasuka. Kwa hiyo mchana nilifanya jambo la ujasiri—nilikwenda karakana kwa Ishken, peke yangu, nimekariri sentensi njia nzima. Nikamwomba anichongee mkono wa mti. Wa kiasi changu. Niwe nakoroga kama watu wa hapa.

Akaweka kisu chake chini.

“Hutaki tena kwa mkono wako?”

Nikamwambia naogopa watu. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyeambiwa paka wake amepotea. Halafu akachukua uzi akanipima. Kidole kimoja kimoja, urefu na unene, anapiga fundo kila kipimo. Hakunigusa hata mara moja! Uzi tu ndio ulionigusa. Kidole kidogo amekipima mara mbili, akasema ya kwanza alisahau kupiga fundo.

Sikumbuki kama nilipumua.


Jumapili, 9 Novemba

Mkono umefika tangu juzi jioni. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Una mpaka kovu langu la dole gumba, lile la kisu cha Bibi nikiwa na miaka saba. Amelionaje? Alikuwa anatazama uzi!

Nakoroga nao siku ya pili leo. Mama Oreda ameupitia akautazama, akasema sasa nimekuwa mpishi mwenye adabu, na kwamba yule kijana kwa kawaida huwa hachongi makovu. Runel akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Mlango wa banda nauacha wazi. Sifichi kitu. Nafuu ilioje.

Mbona basi sina raha?


Jumatano, 12 Novemba

Mtungi unaumwa.

Nimefunua kifuniko—harufu ya rangi ya kucha! Uso umefanya utando wa kijivu. Figili zimelegea, chungu. Bibi alikuwa akisema mtungi unamjua mtu wake kwa ngozi, na mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya wazee tu, kama yale ya kutokata kucha usiku. Nimekaa chini juu ya magome nikalia. Si sana. Kidogo. Sana kidogo.

Ishken akanikuta. (Siku hizi anahitaji kuni nyingi mno kwa mchonga vijiko.) Hakuuliza nalia nini. Akapiga magoti, akanusa ndani ya mtungi, uso ukakunjamana, akauliza mtungi unataka nini.

Nikasema, “Mimi.”

Akanitazama. Akauchukua mkono wa mti kutoka kwangu, mkono alioukeshea usiku mzima, akautundika kwenye msumari ukutani.

“Basi upe,” akasema.

Akatoka nje, akavuta mlango, akaanza kupasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma. Ananilinda! Nilikuwa nasikia shoka, na Runel anamuuliza toka lini amekuwa mpasuaji, naye anajibu kwa maneno yake mawili. Mimi ndani nimekwangua utando, nimeongeza chumvi, nimekaanga pumba za shayiri mpaka zikanukia nikaulisha. Halafu mkono. Mpaka kiwiko. Ubaridi wake ulivyonipokea—nilihisi kama Bibi amenishika kutoka upande wa pili.


Jumamosi, 15 Novemba

Umepona! Unanukia mkate na tunda lililoiva. Siku zote hizi tatu Ishken amepasua kuni nje. Sasa tuna kuni za kutufikisha majira ya maua.

Tutazihitaji. Theluji imefunga njia ya mlima tangu Alhamisi. Wachukuzi wamekwama kwetu, kumi na tisa na baghala zao, wamelala ukumbini kama samaki kwenye kapu. Ghalani kumebaki shayiri na mizizi. Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Leo mkubwa wao, Mzee Gorrim, mwenye ndevu mpaka mshipini, alimuuliza Mama Oreda kwa upole kabisa kama jikoni kuna msiba, maana chakula cha hapa kinaliwa kwa heshima tu.

Hakuna aliyewahi kumwambia Mama Oreda neno kama hilo. Akaja jikoni amefura. Akanikazia macho. Kile kitu changu cha bandani, kinalika?

Nikasema ndiyo. Nilipaswa kusema na jambo jingine. Sikusema. Alikuwa na haraka, na mimi lugha yangu ina miaka sita.

Nikafukua kila kitu: figili, karoti zao nyeusi, mashina ya kabichi. Nikakata kwa kisu, nikapanga kwa vidole vya mti, nikapeleka. Ukumbi ukanyamaza—halafu ukaanza. Karash, karash, karash! Vinywa kumi na tisa. Mzee Gorrim akafumba macho. Akaongeza sahani. Akaongeza tena. Ya nne alikuwa anaikumbatia.

Nikapata kiherehere. Ishken alikuwa ameleta samaki wa kijitoni, amewatoa chini ya barafu. Nikawapika kama tunavyopika sisi Kokura, na pumba za mtungi wenyewe ndani ya mchuzi, moto mdogo, muda mrefu, mpaka mifupa ikawa laini. Soya hapa haipo. Nimetumia maji ya uyoga mkavu na asali kidogo. Si kama ya Bibi. Lakini ni binamu yake! Wachukuzi walipangusa sahani kwa mkate mpaka Runel akasema hahitaji kuziosha.

Mama Oreda alinipiga begani kwa mwiko. Huyo ndiye akifurahi.

Jambo moja. Ishken alisimama kwenye kona muda wote, anawatazama wachukuzi wakila, mmoja baada ya mwingine. Nilimwekea sahani yake, nzuri, yenye samaki mkubwa. Akasema hana njaa. Akaenda zake.

Labda tumbo.


Jumatatu, 17 Novemba

Ee Bibi. Ee Bibi yangu wee.

Tulikuwa tunamenya viazi, Runel na mimi, anajisemea tu kuhusu mhunzi wake. Theluji ikiyeyuka atamposa. Hapa wanawake nao huposa, hilo nilishalijua, na uchumba huchukua miaka mitatu, mnakula meza moja mbele za watu na hakuna haraka. Nikamuuliza huposaje, atamwambia nini? Akacheka. Hatasema kitu. Atakanda mkate peke yake, kwa mkono mtupu—mara moja tu maishani mtu huruhusiwa kumtilia mtu asiye wa nyumbani kwake mkono chakulani—atampelekea. Mhunzi atauliza: umetengeneza kwa mkono huo? Halafu atauliza: na unanipa mimi? Akila mpaka mwisho, posa imepita.

Kiazi kilinidondoka kikavingirika mpaka chini ya jiko.

Si usafi. Haikuwa usafi hata siku moja!

Nikauliza, kwa sauti ya mbu, je mtu akiwapa wengi? Runel akacheka mpaka akashika mbavu. Wengi! Nani mwenye njaa hiyo ya wanaume?

Kumi na tisa. Nimeposa wachukuzi kumi na tisa. Mzee Gorrim ana wajukuu!

Na sasa nimekaa bandani nimefunga mlango, nimerudi nyuma kwenye daftari hili mpaka tarehe tatu, nimesoma nilichoandika mwenyewe. Ishken aliuliza maswali yote mawili. La kwanza na la pili. Kwa mpangilio. Akala mpaka mwisho.

Kisha mimi nikamwomba mkono wa mti.

Kisha nikawalisha wanaume kumi na tisa mbele ya macho yake.

Siwezi kuandika zaidi.


Jumanne, 18 Novemba

Naweza kunyamaza. Theluji itayeyuka, wataondoka, hakuna atakayejua.

Mzee Gorrim ameomba achari chupa mbili ampelekee mkewe.

Nitasema kesho. Kesho asubuhi. Kabla ya uji.

Baada ya uji.


Jumatano, 19 Novemba

Nimesema. Kabla ya uji!

Nilimwambia Mama Oreda ghalani, nimeshika gunia ili nisianguke. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye kiganja lakini jasho likazifuta, kwa hiyo nikasema ovyo ovyo: mtungi, mkono, si mwiko, mkono wangu, wote, Jumamosi, sikujua, samahani. Kisha akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Akakaa chini juu ya gunia la unga, unga ukapanda kama moshi, akacheka mpaka machozi yakachora mistari usoni. Akaniuliza kama baghala nao wamekula, maana hapo tungehitaji ukumbi mkubwa zaidi.

Halafu akaacha kucheka. Akapangusa uso. Akasema mambo ni mawili.

La kwanza ni dogo. Aliyekula bila kujua, anasimama mbele ya jiko, anasema “sikujua”, anarudisha chumvi kidogo, na yameisha. Hakuna aibu. Kesho watapanga mstari.

La pili ni mtungi. Chakula cha mkono hakikai nyumba ya wageni. Ni desturi ya mlima mzima, na sasa mlima mzima utasikia. Kinakaa nyumbani kwa watu tu, na nyumbani ni pale wanapokula wawili wanaojua. Ndugu wawili, mtu na mchumba wake, mama na mwana, yoyote.

“Mmoja ni wewe, mwanangu,” akasema. “Wa pili nani?”

Ningekuwa mtu mwingine ningetaja jina. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, silabi mbili tu! Nikatazama viatu vyangu.

Akaniwekea kiganja begani. Kitupu, kizito, cha moto. Akasema angekula yeye mwenyewe, lakini mwenye nyumba ya wageni ni wa wageni wote, hawezi kuwa wa pili wa mtu. Kesho mstari ukiisha na wa pili hayupo, mtungi utakwenda kumwagwa kwenye theluji. Atanisaidia kuubeba.

Miaka mia na zaidi. Wanawake wanne. Na utaishia kwangu, kwa sababu sikuweza kutamka silabi mbili.

Lakini nimtajeje? Alikula tarehe tatu. Siku hizo alikuwa hajaona watu kumi na tisa wakipewa kitu kile kile. Atakuwa anadhani nagawa tu, kama matangazo barabarani. Na yeye pia yumo kwenye desturi: neno moja, chumvi kidogo, yuko huru. Sitaki kumfunga mtu kwa kipande cha figili.

Leo hakuja kupasua kuni.


Alhamisi, 20 Novemba

Naandika bandani. Haraka. Kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelewa.

Mstari ulianza baada ya uji. Mimi nimesimama karibu na jiko na bakuli mikononi, uso unawaka kuliko jiko. Mzee Gorrim wa kwanza. Amechana ndevu! Akasema sikujua, akatia chumvi yake, kisha akaongeza kwamba angejua angedai sahani ya tano, maana mke wake akisikia habari hii atamtandika kwa sahani nne au kwa tano, tofauti hakuna. Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi—nikacheka pia! Mbele za watu! Wa saba alisema sikujua kwa huzuni kidogo, akakawia, Runel akamwambia asogee, bakuli si kaburi. Wa kumi na mbili alisahau chumvi akarudi kuitafuta. Kumi na tano. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Na nyuma ya wa kumi na tisa, Ishken.

Amenawa mpaka viwiko, mikono mitupu, myekundu kwa maji baridi. Mama Oreda akamuuliza Jumamosi alikula? Hakula. Sasa mstarini anafanya nini? Akasema yeye alikula mapema zaidi. Runel akaacha kufuta meza. Ukumbi mzima ukaacha chochote ulichokuwa unafanya.

Nilingoja lile neno. Nilikuwa nimeshanyoosha bakuli.

“Mimi nilijua,” akasema.

Kijiko kilianguka mahali fulani. Hakuna aliyekiokota.

Halafu akanigeukia mimi, si Mama Oreda, mimi, na akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

“Lakini wewe hukujua. Kwa hiyo chumvi si yangu kurudisha. Ni yako.”

Akaifungua ngumi, akanimwagia chumvi kwenye kiganja. Vidole vyake viligusa vyangu. Hakukuwa na uzi.

Mama Oreda akasafisha koo. Akasema kijana amesema kweli. Nikitaka, nina haki ya kusema sikujua na kumrudishia, na hakuna atakayenicheka kwenye nyumba yake. Nina muda mpaka mkate utoke tanuruni. Nikatazama tanuru. Nikatazama watu. Nikafanya ninachokifanya siku zote—nikakimbia.

Sasa niko hapa. Mkate ulikuwa ndio kwanza umeingia. Kifuniko cha mtungi kiko chini. Chumvi ilikuwa kwenye kiganja cha kulia, inaloa jasho.

Nimefikiri kwa ukweli wote. Tarehe tatu sikujua. Kweli. Nikisema hivyo sitakuwa mwongo. Lakini tarehe nne nililala na kijiko chini ya mto. Tarehe sita sikupumua. Tarehe kumi na mbili aliniuliza mtungi unataka nini. Mtu anayeuliza hivyo kuhusu mtungi wa Bibi yako—unaendelea kutokujua mpaka lini?

Nje hakuna shoka. Ila yupo. Naona viatu vyake kwenye mwanya chini ya mlango, vimesimama, vimetazama huku. Hajagonga. Hatagonga. Tungekuwa wawili hivi, mmoja ndani mmoja nje, mpaka majira ya maua.

Leo mtungi haujakorogwa bado. Bibi alisema chumvi hutangulia, mkono hufuata.

Nimeitia chumvi mtungini. Yote. Nimekung’uta kiganja mpaka chembe ya mwisho.

Mkono wa kulia sasa uko ndani mpaka kiwiko, ya chini yanakuja juu, ya juu yanakwenda chini. Hairudi tena hiyo chumvi. Huku chini imebaki figili moja, ndogo, nilidhani Jumamosi zilikwisha. Naishika. Mkate unanukia, unakaribia.

Nimemwita. Silabi mbili. Kwa sauti inayosikika.

Amegonga kichwa kwenye kizingiti akiingia.